Kupogoa Miti na Kuweka Kumbukumbu katika Bustani za Umma

(Matini ya mazungumzo kwa masheha, watumishi wa Serikali na wakaazi wa mji)





Katika mambo yanayowafikisha wananchi kwenye milango ya manispaa na mabaraza ya miji, yapo mawili ambayo kwa kuyatazama huonekana madogo, na kwa ajili hiyo hudharauliwa hadi yakazua ugomvi. La kwanza ni tawi la mti wa hadhara lililomkera mtu, naye akalikata kwa mkono wake. La pili ni jiwe, kibao au benchi la kumbukumbu lililowekwa katika bustani ya watu wote kwa uamuzi wa mtu mmoja. Mwenye kukata tawi husema alikuwa akiilinda nyumba yake. Mwenye kuweka jiwe husema alikuwa akimkumbuka marehemu wake. Kila mmoja ana sababu ya kusikilizwa, na aghalabu ni mtu mwema. Hata hivyo wote wawili wametenda jambo lilelile: wamekata shauri peke yao juu ya kitu ambacho wenziwao nao wana haki nacho, na ambacho athari yake itabaki baada ya wao kuondoka.

Bustani ya umma, kwa makusudio ya mazungumzo haya, ni kila ardhi iliyoachwa wazi kwa mapumziko ya watu: Forodhani, viwanja vya Mnazi Mmoja, Bustani ya Jamhuri, na vile viunga vidogo vya mitaani ambavyo havina jina ila vina mti na kivuli. Baadhi yake hazikuwa za umma tangu asili. Bustani ya Victoria, kwa mfano, ilikuwa ya watu wa jumba la Sayyid Barghash, ikafungwa kwa wengine wote, hadi mwishoni mwa karne ya 19 ilipotolewa kwa watu wa mji katika zama za Sayyid Hamoud. Tangu siku hiyo hakuna mtu mmoja awezaye kusema kuwa mti uliomo ni wake.

Usimamizi wa bustani hizi umegawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaowababaisha watu. Sheria ya Serikali za Mitaa Nambari 7 ya mwaka 2014 imeyakabidhi mabaraza dhamana ya maeneo ya wazi na uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo. Sheria ya Misitu Nambari 10 ya mwaka 1996 inahusu ukataji wa miti na vibali vyake. Ndani ya Mji Mkongwe ipo Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji, iliyoanzishwa mwaka 1985, pamoja na mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994. Na tangu mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, jambo linalofanywa pale hutazamwa hata na walio mbali. Mwananchi halazimiki kuzihifadhi sheria hizo kwa moyo. Linalomlazimu ni kuuliza kabla ya kunyanyua panga. Mtumishi wa Serikali, kwa upande wake, halazimiki kumpeleka mwananchi huyo ofisi nne kwa tawi moja, na itakuwa aibu akifanya hivyo.

Ili uzito wa jambo hili ufahamike, inatosha kuyatazama majina ya mitaa. Mji huu umeitwa kwa miti yake. Kuna Mkunazini, Kikwajuni, Miembeni, Michenzani, Mwembeladu, Mwembetanga, Mwembeshauri, na huo Mnazi Mmoja wenyewe. Wazee hawakuweka vibao. Waliutazama mti uliokuwapo, wakapaita mahali kwa jina lake, na mgeni akielekezwa akafika. Leo ni nani aliyekaa chini ya mkunazi wa Mkunazini? Michenza ya Michenzani iko wapi, pale yalipo majumba marefu ya maendeleo yaliyojengwa baada ya Mapinduzi? Majina yamebaki, miti imekwenda. Si kila mti uliondoka kwa uovu, kwani mji hukua na watu wanahitaji nyumba. Lakini ni dhahiri kwamba mti hukatwa asubuhi moja, na kivuli chake hakirudi ila baada ya miaka 30 au 40, hata kama mche utapandwa jioni ya siku ileile.

Upo pia upande wa pili wa hesabu, nao ni wa hatari. Mwezi Aprili mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Yapo maelezo ya zama zile juu ya mashamba yaliyolala chini yote kwa mara moja. Mwezi Mei mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania kilikuwa kimeanza kupoteza nguvu, na watu walishukuru. Mti mkubwa uliochakaa, ukiwa juu ya njia ipitwayo na watoto wa skuli, haungojei tufani. Upepo wa kusi wa kawaida unamtosha. Kwa hiyo anayesema kwamba mti wa umma usiguswe kabisa amekosea kama yule anayesema ukatwe.

Makosa katika upogoaji huanza kwenye nia. Mwenye duka anataka ubao wake wa tangazo uonekane, basi hukata upande mmoja wa mti na kuuacha umeinama upande wa pili. Mwenye nyumba amechoka na majani yanayoziba mifereji ya bati, hivyo humwita kijana mwenye shoka na kumwambia apunguze, naye hupunguza hadi ukabaki mti mfano wa mkono uliokatwa vidole. Upo msemo kwamba mti ukikatwa kichwa utakuwa mfupi na salama. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Mti uliofyekwa kichwa hutoa machipukizi mengi kwa pupa ili upate majani ya kujilisha. Machipukizi hayo hukua upesi, lakini yameshikilia kwenye gome la juu tu, hayakuota kutoka ndani ya ubao kama tawi la asili. Baada ya miaka michache yamekuwa matawi mazito, na chini yake kisiki kimeoza. Hayo ndiyo yanayoanguka. Mwenye nyumba aliyeondoa hatari moja atakuwa amejiwekea nyingine kubwa zaidi, tena juu ya paa lilelile.

Hapa pana jambo la elimu ambalo watumishi wa bustani, hasa wale waliojifunza kazi zamani, wanapaswa kulielewa vizuri. Mti hauponi kidonda kwa namna anavyopona mwanadamu. Ngozi ya mtu iliyokatika huota upya pahala palepale, mti hauwezi. Mti huizungushia sehemu iliyojeruhiwa kuta za ndani ili uozo usienee, kisha huota gome jipya juu yake na kulifungia jeraha humo kwa umri wake wote uliobaki. Haya yalifafanuliwa kuanzia miaka ya 1970 na Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone yaliyomo ndani. Uchunguzi wake uliyapindua mafundisho mawili yaliyokuwa yakisomeshwa karibu kila mahali. La kwanza lilikuwa kwamba tawi likatwe sambamba na shina mpaka pawe laini kama ubao uliopigwa randa. La pili, kwamba kidonda kipakwe lami au rangi ili maji yasiingie. Lami haizuii uozo. Mara nyingine huhifadhi unyevu, na unyevu ndio chakula cha kuvu. Na kukata sambamba na shina huondoa sehemu ileile ambayo mti ungeitumia kujifungia.

Sehemu hiyo huonekana kwa macho. Pale tawi linapotoka shinani pana uvimbe mdogo, kama kola ya kanzu iliyozunguka shingo. Msumeno upite nje ya uvimbe huo, karibu nao lakini bila ya kuukata, wala kisiachwe kigutu kirefu, kwa sababu kigutu hufa na kuoza kuelekea ndani. Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja, kwani litavunjika kabla ya msumeno kumaliza na kuchana gome la shina hadi chini. Hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza hupigwa kutoka chini ya tawi, yapata sentimita 30 kutoka shinani, ukaingia kiasi cha theluthi. Wa pili hupigwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi huanguka bila ya kuchana. Wa tatu ndio wa kuondoa kigutu kilichobaki, taratibu, nje ya uvimbe. Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Inahitaji msumeno mkali, kamba, mtu wa chini anayewazuia wapita njia, na subira ambayo kijana anayelipwa kwa idadi ya miti hana. Ni vyema basi malipo ya kazi hizi yasiwe kwa idadi ya miti.

Kiasi nacho kina mpaka wake. Kanuni inayokubalika na mabingwa ni kuwa mti mzima usiondolewe zaidi ya robo ya majani yake kwa wakati mmoja, na mti mzee uondolewe pungufu ya hapo. Majani ndiyo jiko la mti. Anayeyaondoa yote kwa siku moja ameuzima moto. Matawi yaliyokufa, yaliyopasuka na yanayosuguana ndiyo ya kutangulia. Mara nyingi, baada ya hayo kuondolewa, malalamiko yote huwa yamekwisha.

Mnazi una hukumu yake mbali. Mnazi hauna matawi. Una kilele kimoja tu, na kilele kikikatwa mnazi umekufa, hakuna chipukizi litakalotoka ubavuni. Kupogoa mnazi wa bustani ni kushusha makuti makavu na nazi zilizokomaa kabla hazijamwangukia mtu, basi. Makuti mabichi yaliyosimama hayana kosa. Miembe nayo, inapoanza kutoa maua, isiguswe bila ya dharura, kwani atakayeulizwa na watoto wa mtaa kuhusu maembe ni Sheha.

Wakati uliobora wa kazi ya kawaida ni kipindi cha kiangazi cha Januari na Februari, kabla ya masika, ili mti upate mvua za kujirejeshea nguvu na matawi mabovu yawe yameshaondoka kabla ya kusi kushika. Kabla ya kupanda juu ya mti, mfanyakazi atazame viota na popo. Wapemba wanalielewa hili vyema: popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani, wanaishi kwa kuwa watu wa mahali kama Kidike waliamua wenyewe kuilinda miti wanayolala.

Yanayofuata yanawahusu zaidi watumishi wa Serikali na mashirika, kwa sababu si kila mti huharibiwa na mwananchi. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imo katika sentimita 60 za juu za ardhi, na huenea mbali kupita kivuli chake. Mtaro wa bomba au wa waya ukichimbwa hatua mbili kutoka shinani hukata nusu ya mizizi, na mti husimama mwaka mmoja au miwili kama kwamba hakuna kilichotokea. Kisha hukauka upande mmoja, au huanguka wenyewe siku isiyo na upepo. Wakati huo aliyechimba mtaro amekwishahamishwa kituo. Njia za umeme ni lazima ziwe wazi, na hilo halina mjadala, lakini mafundi wa umeme na watu wa bustani wakikutana kabla ya kazi, tawi litakatwa pahala pake badala ya mti kupasuliwa katikati. Kuchoma biwi la majani chini ya shina, kumwaga zege hadi kwenye gome, kupigilia misumari ya matangazo ya mikutano na ya waganga, yote hayo ni majeraha. Ama ile chokaa inayopakwa mashinani kila anapotarajiwa mgeni mkubwa, haiudhuru sana mti, wala haiufai. Fedha zake zingenunua misumeno.

Kuna swali linaloulizwa mno: tawi la mti wa bustani likiingia juu ya ua wa mtu, je, ana haki ya kulikata? Waliosoma fikihi wanajua kwamba jirani ambaye tawi limeingia katika anga ya nyumba yake ana haki ya kudai liondolewe, na haki hiyo haipungui kwa kuwa mwenye mti ni umma. Lakini kudai ni kumwendea mwenye mti. Hapa mwenye mti ni baraza, na njia ya kulifikia ni Sheha. Jirani akishapeleka dai lake, ofisi isikae nalo hadi tawi limvunjie bati. Ikikaa nalo, lawama imehama.

Sasa kumbukumbu.

Pale Forodhani, karibu na ukingo wa bahari, lipo tao jeupe ambalo wageni wengi huliuliza lina kazi gani. Lilijengwa mwaka 1956 kwa ajili ya kumpokea Princess Margaret wa Uingereza. Wanaoeleza habari za mji husema kwamba alishukia kwingine, tao halikutumika, na kibao kilichokusudiwa kuwekwa hakikuwekwa. Bustani yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya Jubilii ya mwaka 1936, Sayyid Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala, ikaitwa kwa jina la Jubilii hiyo hadi Mapinduzi ya mwaka 1964. Mwaka 2009 ilifunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa yaliyosimamiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, yakiwemo ya ukuta wa bahari, njia na taa. Kwa muda wote huo, mbele ya majina yote ya rasmi, watu wameendelea kupaita Forodhani, kwa sababu ya forodha iliyokuwapo pale zamani. Ukumbusho wa jiwe unaweza kuamriwa. Kukumbuka hakuamriki.

Hatua chache kutoka hapo, Mizingani, mbele ya bandari, upo mtini mkubwa ambao husemwa ulipandwa na Sayyid Khalifa huyohuyo mwaka 1911, mwaka aliopata utawala. Mti huo haukuhitaji kibao. Mafundi wa vyombo wamefanya kazi chini yake, manahodha wa mashua za Changuu hungojea abiria kivulini mwake, na hata asiyejua habari ya aliyeupanda ananufaika nao. Mtu mmoja yuleyule, basi, ana kumbukumbu mbili katika ufuo mmoja: bustani iliyopoteza jina lake, na mti unaozidi kutanda. Wanaofikiria kumwekea marehemu wao jambo katika bustani wangefanya vizuri kuitazama tofauti hiyo kabla ya kwenda kwa fundi wa mawe.

Si kwamba majengo na sanamu hayana nafasi. Beit el Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifanywa jumba la makumbusho, na vizazi vya wanafunzi vimeingia humo kusoma. Pale Mkunazini, katika uwanja wa kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ipo sanamu ya watu waliofungwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Imewekwa chini ya usawa wa ardhi, na mtazamaji hulazimika kuinamisha kichwa. Ingepelekwa katika bustani ya starehe, baina ya wauzaji wa urojo na mishikaki, isingekuwa na maana ile. Kaburi la Marehemu Mzee Abeid Amani Karume liko Kisiwandui, na kila tarehe 7 Aprili husomwa hitma pale. Mnara wa Michenzani ulijengwa kwa kutimia miaka 50 ya Mapinduzi mwaka 2014. Kumbukumbu za taifa zina vikao vyake vya kuziamua na walinzi wake. Zisizokuwa na kikao wala mlinzi ni zile za watu binafsi na jumuiya ndogo ndogo, nazo ndizo zinazoleta mashaka.

Katika jambo hili maneno yanapaswa kuwa ya upole. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilizama karibu na Nungwi na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Zipo familia ambazo hazikupata maiti wala kaburi. Mtu aliyezika ana pa kwenda siku ya Ijumaa. Asiyezika huenda ukingoni mwa bahari akakaa. Haifai mtumishi wa ofisi kumjibu mtu wa namna hiyo kwa kumwonesha fomu tu. Asikilizwe kwanza, apewe kiti, kisha aelezwe kwa nini bustani haiwezi kupokea kila jiwe.

Sababu yenyewe ni nyepesi kueleza. Ardhi ya bustani ni ndogo na vifo havina mwisho. Mawe 20 yakishawekwa, bustani imegeuka maziara. Watoto hukatazwa kucheza, na wazee huona haya kucheka. Isitoshe, aliyepewa kwa sababu ana jina atamfungulia njia aliyenyimwa kwa sababu hana, na hapo pana dhulma ambayo bustani ya watu wote haikuwekewa. Ndiyo maana kumbukumbu ya faragha inayofaa bustanini ni ile inayohudumia wote kwanza, na kumkumbuka mmoja baadaye: benchi, bomba la maji ya kunywa, taa, kitalu cha maua, au mti.

Waislamu watalitambua wazo hilo upesi, kwa kuwa ndilo lililojenga visima na misikiti mingi ya visiwa hivi: sadaka inayoendelea kunufaisha baada ya mtoaji kufa. Atakaye kuweka mali yake wakfu kwa matunzo ya bustani au kwa jambo jengine la manufaa, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya kumwelekeza. Pamoja na hayo itambulikane kuwa benchi lililotolewa zawadi kwa baraza ni la baraza. Aliyelitoa hana haki ya kumwinua mtu aliyelikalia.

Yapo mambo ambayo ni vyema yakubaliwe kwa maandishi tangu mwanzo, na lililo kubwa ni matunzo. Watu wengi wana uwezo wa kutengeneza; wachache wana uwezo wa kutengeneza tena baada ya miaka mitano, chumvi ya bahari ilipokwisha kula misumari. Katika bustani nyingi za Uingereza kibali cha benchi la kumbukumbu huwa cha muda, aghalabu miaka 10, kisha familia huulizwa kama ingali inataka kuendelea. Utaratibu huo hauna ukatili wowote. Benchi lililovunjika lenye jina la marehemu linamvunjia heshima kuliko kutokuwapo. Maandishi nayo yawe mafupi: jina, miaka, na kama kuna neno, liwe moja. Yasomwe na mtu wa pili anayejua tahajia kabla ya kuchongwa, maana kosa la jiwe halifutwi kwa raba. Yasiwe na tangazo la biashara, wala sifa za chama, wala maneno ya kumsuta aliyebaki hai. Kibao kisipigiliwe kwenye mti hata kama ni mti uliopandwa kwa jina la mtu huyo. Gome hukua, likakimeza chuma, na baada ya miaka michache mti una kidonda na jina halisomeki. Kiwekwe kwenye jiwe dogo chini, umbali wa hatua moja.

Anayetaka kupanda mti wa kumbukumbu ashauriane na watu wa misitu juu ya aina na mahali. Mkungu ukipewa nafasi hutandaza kivuli kizuri, lakini ukipandwa ubavuni mwa ukuta utauinua ukuta. Mvinje hustahimili upepo wa bahari. Mwembe ni neema yenye mawe ya watoto. Na aulizwe pia nani atakayeumwagilia katika misimu miwili ya mwanzo, kwa kuwa sherehe ya kupanda huwa na watu wengi, ilhali ndoo ya maji ya mwezi wa Februari huwa na mtu mmoja au hapana.

Ikitokea mti wa kumbukumbu umekufa au umekuwa hatari, ofisi iijulishe familia kabla ya msumeno kufika. Sheria inaweza isiseme hivyo kwa herufi. Adabu inasema.

Kwa mambo yote mawili njia ni moja. Ombi liandikwe kwa lugha ya kawaida, lieleze mti uko wapi na unamdhuru nani, au kumbukumbu ni ya nani, ya namna gani na itatunzwa na nani. Lianzie kwa Sheha wa Shehia, ambaye anawajua majirani na ataeleza kama wanakubali, kisha liende kwa baraza linalohusika. Na likiwa la Mji Mkongwe, baraza ndilo liwasiliane na Mamlaka, asitumwe mwananchi. Kwa tawi lililopasuka, shina lililoota uyoga chini yake, au mti ulioanza kuinama baada ya mvua, hakuna haja ya kungoja karatasi. Sheha aarifiwe mara moja kwa mdomo, watu wasogezwe, na karatasi ifuate. Maombi ya miti iliyo karibu na skuli, hospitali na vituo vya daladala yawasilishwe kabla ya mwezi wa Januari, ili kazi imalizike mapema, mvua za masika hazijaanza.